Mama Mkwe Kwenye Mawe ya Shetani

Hebu niambie bila kuzungukazunguka: mama mkwe wako akianguka mbele ya macho yako, utamdaka, au utalinda mila umwache apasuke magoti?

Usiharakishe kujibu. Kaloki naye alidhani jibu analo, mpaka siku alipojikuta peke yake na mama wa watu juu ya mawe meusi, njia ni moja, na hakuna pa kukwepea.

Kaloki alikuwa mwendesha lifti. Katika jumba moja refu la ofisi katikati ya Nairobi, ndiye aliyeshinda ndani ya kile kisanduku amevaa koti la kijani lenye vifungo vya shaba, akivuta mlango wa vyuma vya kukunjana na kukamata mkono wa kuendeshea. Mawakili, makarani, matarishi, mawakala wa bima, wote aliwapandisha na kuwashusha. Mle ndani walisimama bega kwa bega na hakuna aliyemwuliza mwenzake kabila. Kaloki alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo Kenya aliyoahidiwa usiku ule bendera ilipopandishwa. Tatizo ni kwamba mlango ukifunguliwa, kila mtu hurudi kwa wake. Alisema kweli tupu. Kwenye sherehe tunaimba umoja hadi koo zinakauka, halafu binti akileta mchumba nyumbani, swali la kwanza ni, "Huyo ni wa wapi?"

Humo liftini ndimo alimojuana na Nanjala, mpiga taipu wa ghorofa ya tano. Nanjala alikuwa Mbukusu, akiishi na mama yake Riruta, mtaa mmoja na chumba alichopanga Kaloki. Mama huyo, Peres, alikuwa mjane, mpishi katika nyumba ya matajiri kule Loresho. Alikuwa mrefu, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha masufuria. Kanisani kwao Riruta, ambako Kaloki pia alisali, Mama Peres akikohoa, hata kwaya hutulia.

Mwaka 1972 wajomba wa Kaloki walitoka Kibwezi, wakaja kumposea. Mama Peres aliwapikia kuku, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimesikia. Nitajibu." Kukawa kimya. Krismasi Kaloki alimpelekea leso kwa mkono wa Nanjala. Leso ikarudi imekunjwa vilevile.

"Usivunjike moyo," Nanjala alimwambia. "Mama hawezi chukua kitu yako kabla hajatoa neno. Lakini siku utamwona amevaa kitu imetoka kwako, tena mbele ya watu, jua amekubali. Usingoje akuite akwambie."

"Na asipovaa?"

"Utaendelea kupandisha watu na kushusha."

Kaloki hakukata tamaa. Kwao Ukambani mwanamume na mama mkwe hawaangaliani, hawagusani, wala hawapishani njiani. Hata kama mahari bado haijatolewa, posa ikishafika, haya imekwisha kuingia. Kwa Wabukusu ni vivyo hivyo. Akajiambia kwamba kama kabila lake ni kikwazo, heshima itamfungulia mlango. Basi akawa mkwepaji hodari kuliko wote Riruta. Akimwona Mama Peres anakuja, alijitosa mtaroni, alijificha kwa muuza nyama, na mara moja alipenya ua wa kaiyaba mzimamzima, akatokea upande wa pili shati limechanika na uso una mistari. Watoto walimcheka. Yeye alifurahi; aliamini kila mwiba unahesabiwa.

Siku moja Mama Peres akaja ofisini kumwona binti yake. Kaloki alifika chini, akafungua mlango wa lifti, na nani amesimama hapo? Alishtuka kana kwamba ameona simba. Akaufunga mlango kwa kishindo, akakimbia na lifti yake hadi ghorofa ya juu kabisa. Mama Peres akapanda ngazi. Jioni Kaloki alimsimulia Nanjala kwa fahari jinsi alivyomheshimu mama. Nanjala alichukua mkoba wake, akaenda zake nyumbani.

Agosti mwaka 1973, kanisa likaamua kutembea. Safari za nyuma walikuwa wamekwenda Naivasha na Thika. Sasa walitaka mahali papya. Kaloki akataja uwanda wa mawe meusi chini ya milima ya Chyulu, karibu na kwao, ambako zamani ardhi ilipasuka ikatapika moto, na moto ukaganda. Akasema pana njia ya kupita juu ya mawe yenyewe, na upande wa pili pana nyumba ndogo ya kupokelea wageni. Kisha, bila kufikiri, akataja jina la mahali.

"Shetani?" Jamleck, kiongozi wa kwaya, alipiga kofi. "Ndugu zangu, kanisa zima linakwenda kumwamkia Shetani, na mwenyeji wetu ni Kaloki!"

Waliondoka Jumamosi alfajiri kwa basi la kukodi. Mama Peres aliketi kiti cha nyuma kabisa, Kaloki mbele karibu na dereva, shingo yake haikugeuka hata nukta. Kwaya iliimba kutoka Athi hadi Sultan Hamud. Jua lilipochomoza na mibuyu ikaanza kuonekana, Kaloki alijisikia mtu mwenye mali. Aliwaonyesha vilima kama anayeonyesha ng'ombe wa babake. Kwa kweli ni nchi nzuri ile, na ni aibu kwamba wengi wetu Nairobi tunaijua London ya kwenye picha kuliko nchi iliyo nyuma ya nyumba yetu.

Basi lilisimama pale mawe yanapoanza. Hapo kelele zilikatika. Mbele yao ardhi yote ilikuwa nyeusi, imevimba na kuvurugika, kama uji uliofurika sufuriani ukaungulia mekoni. Askari wa wanyama, jina lake Wambua, aliwapokea na bunduki yake begani.

"Hii Wazungu wanaita lava," alisema. "Fuateni njia yenye alama nyeupe. Jiwe hapa linakata kama chupa. Mwenye viatu vya harusi abaki kwenye basi."

Kaloki alivua viatu vyake vya kazini, akavaa akala, zile za matairi alizonunua kwa safari hii. Mama Peres alikuwa na raba nyeupe za kitambaa alizopewa na mwajiri wake. Wambua alitangulia na kundi. Kaloki, kwa sababu unazozijua, alijiweka mwisho kabisa.

Lakini Mama Peres alikuwa mzito na magoti yalimuuma. Polepole alipitwa na wazee, akapitwa na kina mama wenzake, na Nanjala alikuwa mbele kabisa amemshika mkono bibi mmoja asiyeona vizuri. Kaloki alipoinua macho, kundi lilikuwa limezama nyuma ya mwinuko, na kati yake na kundi alibaki mtu mmoja. Akasimama. Mama Peres naye akasimama. Raba ya kulia ilikuwa imefumuka soli, ya kushoto imechanika kutoka kidoleni hadi kisiginoni. Kushoto na kulia ni mawe kama meno ya msumeno. Safari hii hapakuwa na ua wa kaiyaba.

Mama Peres aliketi, akampa mgongo. Halafu akasema na jiwe lililokuwa mbele yake, kwa sauti ya jikoni:

"Wewe jiwe, huko nyuma kuna mtu?"

Kaloki alitafuta wa kusema naye. Kwenye ufa mmoja kimti kikavu kilikuwa kimejiotea.

"Ewe mti," alisema, "mwambie mama mtu yupo, lakini haangalii."

"Jiwe, mwulize huyo asiyeangalia: raba zangu zimekufa. Anataka nitambae kama kobe?"

"Mti, sema kuna akala. Naziweka hapa njiani, kisha narudi nyuma."

"Na yeye atatembelea nini? Ulimi wake?"

"Mti, mwambie nyayo zangu zilizaliwa huku huku."

Akaziweka, akarudi nyuma, akageuka. Alisikia mama wa watu akinyanyuka, akizichukua, akihema.

"Jiwe," Mama Peres alisema tena, sasa kwa sauti ya chini, "wewe ni mzee, umeona mengi. Hebu mwulize huyo mtu wa lifti: siku ile nilipokuja na haya magoti yangu, mbona alinifungia mlango usoni?"

Kaloki alihisi masikio yanawaka.

"Mti... ilikuwa heshima."

"Heshima! Jiwe, umewahi kupanda ngazi za ghorofa tano na heshima mkononi? Kwetu mkwe akikutana na mama, yeye ndiye hutoka njiani. Yeye! Hamnyang'anyi mama njia. Angetoka humo ndani, akamwita tarishi anipandishe. Huyu alikimbia na njia yangu, akaniacha nimesimama kama mwizi!"

Mwaka mzima Kaloki alijichubua kwenye miiba akidhani ndiyo deni la posa, kumbe posa ilikwama kwenye mlango wa lifti. Halikuwa kabila. Lilikuwa goti la mama mtu mzima.

"Mti," alisema mwishowe, "mwambie mama nilikosa."

Mama Peres alikuwa ameanza kutembea, akala zikilia taratibu juu ya mawe, na Kaloki akamfuata peku, akiuma meno.

Njia inapoishia hushuka ghafla hadi kwenye uwanja wa nyumba ya wageni. Kanisa lote lilikuwa barazani na vikombe vya chai. Hapo kwenye mteremko jiwe lilizunguka chini ya mguu wa Mama Peres, naye akaja kinyumenyume na uzito wake wote. Kaloki hakukumbuka mila za Ukambani wala za Bungoma kwa kina Nanjala. Alimdaka kwapani kwa mikono miwili, akakita nyayo kwenye ncha za mawe, akamshikilia mpaka aliposimama imara.

Barazani kikombe kilianguka.

"Haiya!" Jamleck alipaza sauti. "Mkwe amemkumbatia mama!"

Kina mama waliziba midomo. Mama Peres alikaza kitambaa kichwani, akashuka, akapita katikati yao kama anayepita sokoni, akaingia ndani kutazama picha. Ukutani palikuwa na mchoro wa mlima uliokatwa katikati, ukionyesha moto ulivyopanda kutoka chini, na mezani jiwe kubwa lenye kibao. Aliutazama mchoro kwa makini, akamwuliza Wambua kama chini bado kunachemka, akajibiwa, akatikisa kichwa. Kaloki alikaa nje, damu ikimtoka nyayoni. Jamleck alikuja akamchungulia.

"Ndugu, umesoma kile kibao pale mezani? Kimeandikwa 'Usiguse'. Ungepita pale kwanza!"

Hata Kaloki alicheka. Ajabu ni kwamba hakujuta. Nyayo zilimwaka, posa pengine imekufa, lakini moyo ulikuwa umetua kuliko siku zote alizotoka miibani. Nanjala alimfunga vitambaa miguuni.

Walirudi wakiimba. Riruta, Mama Peres alishuka na akala miguuni, kwani raba zilibaki Chyulu. Kaloki alijua mwendo wake: kesho Nanjala atazirudisha zimefungwa ndani ya gazeti, kama ile leso.

Asubuhi, Jumapili, alisimama nje ya kanisa na viatu visivyofungwa kamba, kwa vile miguu ilikuwa imevimba. Akamwona Nanjala anakuja. Mikono mitupu. Nyuma yake, mama. Kaloki akatoka njiani, safari hii polepole, akiacha njia yote wazi, akasogea kando ya ua wa kaiyaba na kuinamisha macho. Ndiyo maana alichokiona kwanza ni miguu.

Juu lilikuwa gauni la buluu la chama cha akina mama, limepigwa pasi, na kitambaa cheupe. Chini zilikuwa akala, zimesuguliwa na kupakwa rangi ya viatu mpaka zinang'aa. Nanjala alimwonyesha kwa mdomo, akiuma kicheko. Mama Peres alipita bila kumtazama. Akaingia kanisani, tairi zikilia kwenye sakafu ya saruji, pa, pa, pa. Akazipita benchi za nyuma, akazipita za katikati, akaenda kuketi mbele kabisa na kunyoosha miguu. Na Jamleck, aliyekuwa ameinua mkono kuanzisha wimbo, akabaki nao juu.