Chumba cha Mchumba wa Abwola

Alanyo, askari magereza wa Luzira, aliwadharau wanaume wa riwaya alizopenda mdogo wake Abwola: matajiri wenye huzuni, wenye majumba ya giza na siri nzito. "Wenye siri nawafungia mlango kila siku," alisema. "Hawana lolote."

Kisha Abwola akachumbiwa na mgane wa Bugolobi, mkimya, ambaye hakuruhusu mtu kuingia chumba kimoja cha nyumba yake. Abwola akampenda kupindukia.

Alanyo alipopelekwa kumwona, hakungoja hata chai. "Shemeji, tufungulie kile chumba."

Akafungua kwa aibu. Ndani mlikuwa na friji mbovu, magodoro yaliyochakaa na mavi ya panya.

Njiani Abwola alilia. "Umeniharibia, dada."

"Kwani ulimpenda yeye au mlango?"

Jumapili iliyofuata Abwola alirudisha pete.