Sikio la Elasa

Ndugu yangu Elasa hakuwa mtu wa kutungiwa nyimbo. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na kigugumizi kilichomjia akikasirika tu, na kwa kuwa alikasirika kwa nadra wengi hawakujua kama anacho. Alipenda dengu zenye kitunguu kingi. Akilala amelala, hata paa lingeanguka. Watu wa namna yake wamejaa tele katika milima hii ya Yuda, na mimi Hogla, dada yake mkubwa, sikuwahi kuwaza kwamba ipo siku atanisimamisha katika ua wa watu nimeachama mdomo, sijui hata pa kuiweka mikono yangu.

Chanzo ni baba yetu. Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilikosa, na ya mwisho ikaja imechelewa, shayiri imeshakauka. Baba akateremka Maresha kukopa nafaka kwa mzee Zakuri, mwenye shinikizo la kukamulia mafuta ya zeituni. Tulikula. Ulipofika wakati wa kurudisha, baba akatoroka. Wengine walisema yuko Misri, wengine Edomu. Mimi nasema popote alipo, na akae huko huko.

Zakuri alikuja kudai chake na wazee wawili nyuma yake. Ghala lilikuwa tupu, lakini nilikuwapo mimi, msichana mzima asiye na mume, mwenye mikono ya kazi. Alinitazama kama mtu anavyotazama jiwe la kusagia analotaka kulinunua. Elasa, ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota, akasimama mlangoni akasema, "Nichukue mimi, mzee. Huyu hata unga hajui kukanda." Ulikuwa uongo mtupu, na nilitaka kumkanusha mbele za watu kabla sijaelewa alichokuwa anakifanya. Sheria yetu inajulikana: mtu wa kwetu akijiuza kwa deni, hutumika miaka sita, na wa saba hutoka huru bila kulipa kitu. Basi akaenda, na mimi nikabaki, nikaolewa na Shafati wa kijiji cha pili.

Mama yetu, Yedida, akabaki na shamba la ngazi mlimani na ng'ombe wa kuazima. Watu walimwambia aolewe tena, au alikodishe shamba. Alijibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Alilima mwenyewe, akapanda, akavuna, na jioni alisokota sufu akafuma nguo na kuziuza langoni mwa mji. Kwa faida ile akanunua kondoo, na kondoo wale akawatoa mahari kwa jirani yetu, ili Elasa akirudi amkute Mahla, binti wa yule jirani, anamngoja. Kijiji kizima kilijua. Mahla mwenyewe alikuwa ameanza kumwita mama "mkwe" kisimani, na wenzake wakimtania.

Lakini vidole vya mama vilikuwa vimeanza kukunjamana. Msimu uliopita nilimkuta ameketi juu ya tuta, jembe la ng'ombe liko chini, naye anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Alisema haidhuru, Elasa yu karibu kurudi. Kila kitu siku zile kilikuwa ni Elasa akirudi. Ukuta wa shamba uliobomoka, Elasa akirudi. Paa linalovuja, Elasa akirudi. Kwa wauza chumvi waliopita kwetu tulikuwa tukipata salamu zake: mzima, amenenepa, mikono yake inasifiwa Maresha nzima, maana akigusa tu vikapu vya zeituni chini ya boriti ya shinikizo hujua kama bado vina mafuta au vimebaki makapi. Mengine hatukuambiwa, nasi hatukuuliza.

Mwaka wa saba ulipofika, tulishuka mimi na mama kwenda kumchukua. Nilimwazima punda wa mume wangu, kwa sababu sheria inamkataza bwana kumwachia mtu wake aende mikono mitupu: lazima ampe katika kondoo wake, katika nafaka yake na katika mafuta yake. Mama alikuwa ameshawaahidi majirani mafuta. Njia nzima alikuwa akinipangia nani apewe kiasi gani, na nani asipewe hata tone kwa sababu ya maneno aliyoyasema mwaka ule baba alipotoroka.

Tuliingia uani kwa Zakuri harufu ya zeituni ikitupiga puani. Wazee wa mji walikuwa wameketi kwenye benchi la mawe karibu na mlango wa nyumba, na juu ya benchi ulilazwa msharasi, ule wa kutobolea ngozi. Nikadhani kuna mtu anashona viatu. Mizigo ilikuwa tayari imepangwa ukutani, magunia, kiriba cha divai, mtungi wa mafuta uliofungwa mdomo, na kondoo wawili wamefungwa kamba. Mama aliponiona nikitazama akanifinya kwa furaha. Zakuri alitukaribisha vizuri, akamwita mama yetu "Mama Elasa", akaagiza tupewe maji ya kunawa miguu. Jambo moja tu lilinishangaza: hakutaka kututazama machoni.

Elasa akatoka. Mabegani amebeba mtoto wa kiume, na msichana mdogo amemshika kanzu. Nyuma yake mwanamke mweupe wa pwani ya Sidoni, tumbo limemtangulia. Mama alimbusu mwanawe, akalia kidogo, akacheka, kisha akasema, "Haya, washushe watoto wa watu, twende. Jua halitusubiri." Yule mtoto akamshika Elasa masikio yote mawili akasema, "Baba, huyu nani?"

Wanaosema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni hawajakosea. Nilipigwa na butwaa. Nilimtazama mtoto, nikamtazama ndugu yangu, nikaona pua ni ile ile, na paji la uso ni lile lile la baba yetu mtoro.  Mkono wa mama ulikuwa bado umeshika kanzu ya Elasa, ukabaki pale pale.

Zakuri ndiye aliyetueleza, taratibu, kama mtu anayeeleza bei ya mafuta. Yule mwanamke, Arishati, alinunuliwa kwa wafanyabiashara wa Sidoni. Yeye Zakuri ndiye aliyempa Elasa awe mke wake, na wamezaa humu humu ndani. Mengine tuliyajua wenyewe, sheria hiyo hiyo tuliyoihesabia miaka ndiyo iliyoyasema: mke aliyetolewa na bwana ni mali ya bwana, na watoto vile vile. Mume hutoka peke yake.

Nikamwambia Zakuri awaachilie wote, Mungu atamwongezea. Akanijibu bila haya kwamba mwanamke yule ametolewa fedha, na fedha hiyo ilipimwa kwenye mizani mbele ya mashahidi. "Nikiwaachia wote, binti yangu, mwakani nitakamua na nani?" Mama akaanza kutaja alivyo navyo: kitanda cha kufumia, nguo mbili zilizokwisha kufumwa, kondoo ambao jirani angeweza kukubali kuwarudisha. Mzee mmoja akacheka akasema kwa vitu hivyo atapata mguu mmoja wa mtoto mmoja. Alicheka peke yake.

Basi hasira zikanipanda na wala sikuzizuia. Nilimgeukia Elasa. Nilimuuliza anamjua Mahla, anajua mahari imeshalipwa, anajua mama anashindwa kushika jembe. Nikamuuliza kwa nini wauza chumvi walituletea habari za unene wake na wasituletee hii.

"N-niliwakataza, dada," alisema. "Mngeanza kulia mapema bure."

"Na shamba je?" mama akauliza. Ndiyo mara ya kwanza aliposema na mwanawe tangu yule mtoto amwite baba. "Mimi je, mwanangu?"

Elasa akamshusha mtoto chini. Kigugumizi kilimkamata, akangoja mpaka kikamwachia. "Mama, baba alipotuacha ulilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nalala karibu yako, nilikuwa nasikia. Sasa niambie, nikitoka kwenye lango hili, huyu mke wangu amlilie nani?"

  Alikuwa amejiuza ili nisichukuliwe mimi, na nilikuwa nimekuja na punda kumrudisha, na sasa nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba alikuwa ametupita zamani, amefika mahali ambapo hatuna njia ya kumfuata.

Akasimama mbele ya wazee akasema maneno yanayotakiwa. "Nampenda mke wangu na watoto wangu. Sitatoka kuwa huru." Mzee mmoja akakohoa akasema yamepungua, ni lazima ampende na bwana wake, na bwana ndiye anatajwa kwanza. Elasa akamtazama Zakuri. Akayarudia yote tangu mwanzo, bwana wangu, mke wangu, watoto wangu, sauti imenyooka bila kigugumizi hata chembe, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Walimpeleka kwenye mwimo wa mlango wakaliegemeza sikio lake juu ya mti. Mtu aliyekataa uhuru akishatobolewa sikio mlangoni hubaki wa bwana milele, hakuna mwaka wa saba mwingine. Zakuri akaushika msharasi, lakini ni mzee. Akaweka ncha, ikateleza, ikamchana Elasa shavuni. Akaweka tena. Arishati alikuwa amewafunika watoto macho kwa viganja vyake, na mimi nilitamani kuwe na wa kunifunika yangu.

Hapo mama akatoka mahali alipokuwa. Nilijua anakwenda kumnyang'anya Zakuri ule msharasi, na wazee nao walijua hivyo, mmoja akainuka kumzuia. Hakumnyang'anya. Alikishika kichwa cha mwanawe kwa ile mikono yake iliyokunjamana, akakibana kwenye mwimo kisitikisike, kama alivyokuwa akikibana alipokuwa mdogo anatolewa kibanzi jichoni. "Piga sasa," alimwambia Zakuri. "Usimharibu."

Zakuri akapiga. Ncha ikapita ikaingia kwenye mti.  Damu ilimchuruzikia mama vidoleni, naye akakaa vile vile mpaka msharasi ulipotolewa, ndipo akamwachia, akajifuta kwenye nguo yake mpya aliyoifuma kwa ajili ya siku ile. Mtumishi mmoja alikuwa ameshaanza kuirudisha mizigo ndani, magunia na mtungi, maana asiyetoka hapewi. Nilikwenda kumfungua punda. Nilikuwa naona aibu ya kurudi naye mgongo mtupu, ajabu ya akili ya binadamu, kwamba kati ya yote yale hilo ndilo nililoliwaza.

Nikamwita mama tuondoke. Hakuja. Alikuwa amesimama mbele ya Zakuri, amenyoosha mgongo, na alianza kusema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia langoni mwa mji anapouza nguo zake.

"Kulima siwezi tena, nisikudanganye," alisema. "Lakini kusokota naweza, na kuchagua dengu, na kukaa na watoto. Sili sana. Mtu kama mimi unamchukua kwa kiasi gani?"

Elasa akaweka kiganja juu ya sikio lake akageuza uso ukutani. Wazee waliangalia miguu yao. Mimi, binti yake, mwenye mume na nyumba mwendo mfupi tu kutoka kwake, ambaye mama hajawahi kuniomba hata kikapu cha unga, nilikuwa nimesimama hapo hapo na kamba ya punda mkononi. Nilimwambia kwangu pana nafasi. Nilimwambia mara mbili, ya pili kwa kupaza sauti. Hakunigeukia. Alikuwa anamtazama Zakuri usoni, anangoja bei.