Nilisugua pikapu kwa kumbi la nazi, lawama akaibeba mkaza mwanangu

Basi nilipoona rangi yabaki kwenye kumbi, nikajua nimeharibu. Lakini mkono ulikuwa umeshashika mwendo, nikaendelea kidogo upande wa mlango, nikidhani labda pale ni utando tu.

Huyu jirani anayeniandikia, mama wa Kikamba, aniambia nitaje umri, ati ukurasa huu wa ushauri mtandaoni ndivyo utakavyo. Haya. Mie ni bibi wa sabini na kitu, naishi huku Msambweni, skuli sikuingia. Mume wangu alifariki akaacha pikapu ya kizamani aliyokuwa akibebea nazi na miwa, na maharusi pia, na maiti pia, maana kijijini kwetu gari lilikuwa hilo. Likakaa nyuma ya jiko mpaka kuku wakataga kwenye kiti.

Mwanangu yuwafanya kazi hotelini Diani. Msimu huu wa baridi, kusi lavuma, mvua haikomi, wageni hakuna, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Akasema, "Mama, sitakaa bure. Gari la baba nitalifufua." Akawa akwangua kutu kwa msasa, mkewe amshikia tochi uvunguni, nywele zimejaa grisi. Nami nawacheka: "Tazama bwana na bibi harusi wa gereji."

Mkewe akajibu, "Mama, likipona tutakupeleka harusini nalo, na nywele zangu hizi hizi."

Ana ulimi msichana huyo, lakini ana adabu. Samaki wa nazi hajui kupika, hilo niseme, tui lake jepesi kama maji ya kunawa. Basi, si hilo nililowaitia.

Rangi akaipuliza, kijani ileile ya babake. Na kwa baridi hii haikukauka vizuri, ikafanya utando mweupe juu kama sufuria iliyolala na uji. Akatuambia, "Hapo msiguse mpaka nirudi," akaenda Ukunda kutafuta mpira wa kioo. Mkewe akaenda kisimani. Nikabaki natazama ule utando. Sufuria ikiwa hivyo twafanyaje? Nikachukua jivu na kumbi la nazi kwenye beseni la vyombo la mkewe, nikasugua. Nilitaka arudi alikute lang'ara.

Mwanangu aliporudi akapitisha kidole kwenye mikwaruzo. Mkewe ndo kwanza yuwatua ndoo, na beseni lake la vyombo liko pale pale na jivu lake. Akamgeukia: "Ni wewe? Gari la baba yangu umelifanya sufuria? Huna akili hata ya kuku?"

Mkewe akanitazama. Mikono nilikuwa nimeificha ndani ya leso niliyojitanda. Akajua, na hakusema kitu. Mke wa adabu hamchongei mama mkwe kwa mumewe, na hayo nilimfundisha mimi, maana mie ndiye ninayewafunda wari hapa kabla ya kuolewa. Nikawa nangoja nipate sauti niseme. Sauti ilipokuja nikasema, "Msamehe mwanangu, bado mtoto huyo."

Midomo hii.

Asubuhi yule msichana akafunga nguo zake arudi kwao Ramisi. Akanipa shikamoo kama kawaida, akanambia, "Mama, dawa yako ya presha nimeiweka juu ya kabati. Usinywe kabla hujala."

Sasa gari limepigwa rangi upya, na leo twaenda kwa wazee wake. Mwanangu ataka mkewe aombe radhi mbele ya watu ndipo amrudishe. Na mie aniambia, "Mama, wewe utakaa mbele. Wewe ndiye shahidi wangu." Nikisema kweli, mwanangu atanitazama kwa jicho gani, na wale wakwe? Wari wangu nao wakisikia? Nikinyamaza, yule mtoto aombe radhi kwa kosa la mikono yangu mie, na ataomba, namjua. Niambieni nyie wanangu mnaosoma haya, nikifika pale kwenye mkeka nianze na neno gani? Mnijibu upesi, maana...

Huyo yuwaniita. "Mama, haya, gari linanguruma, wazee watungoja."

Nakuja, baba. Jirani, itume hivyo hivyo ilivyo. Nipe mkono niinuke.