Udongo Tajiri wa Igalula

Siku niliyoanza kazi nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimetoka chuo cha misitu na cheti changu, nimeajiriwa kama fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa miti hapa Tabora, na kwa akili yangu maabara ni chumba chenye sakafu inayong'aa. Mtafiti Mkuu wa Udongo, ambaye angekuwa bosi wangu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, alinipokea mlangoni. Aliviangalia vile viatu, akaingia stoo na kutoka na manati.

"Umewahi kutumia hii?" akaniuliza.

Nikamwambia kwetu Urambo manati ni ya wavulana, sisi wasichana tulifukuza ndege kwenye mtama kwa kupiga debe. Akasema si neno, nitajifunza, akanikabidhi.

Niwaeleze vijana mnaosoma haya, maana najua mnacheka. Jani linalofaa kupimwa si lile unaloweza kulifikia kwa mkono. Linatakiwa jani la juu linalopigwa na jua, lililokomaa lakini halijazeeka. Jani likishazeeka, mti hulinyonya kwanza virutubisho vilivyomo ndipo huliachia lianguke, kama mpangaji anayehama na balbu zake. Ukipima jani la namna hiyo umepima nyumba tupu. Sasa mti mkubwa wa mtundu au mninga, miti mikuu ya misitu yetu, huwezi kuupanda kwa gauni la kazini. Kwa hiyo tulifunga kijiwe kwenye uzi wa kuvulia samaki, tukakirusha kwa manati kivuke tawi la juu, kisha kwa uzi ule tukavuta kamba, na kwa kamba tukavunja kijitawi.

Nilifanya mazoezi nyuma ya stoo. Kioo cha dirisha la Mhasibu kilivunjika mapema kabisa. Mhasibu yule alikuwa mtu mwema, hakunisema, ila alihamishia meza yake ukuta wa pili na hakuirudisha tena mpaka akastaafu.

Kazi yetu ilikuwa swali moja. Ukitazama msitu wa miombo unadhani ardhi yake ni moja, kumbe ni mabakamabaka. Hapa pana kichuguu cha zamani, mchwa wamepandisha udongo mzuri wenye kalsiamu. Sogea kidogo tu, ni mchanga mtupu usio na kitu. Pale palikuwa na zizi enzi za mababu, fosforasi ya samadi yake haijaisha mpaka leo. Je, mti uliosimama kwenye baka la shibe, na majani yake yanashiba? Au mti una mambo yake? Bosi wangu aliamini kwamba majani lazima yafuate udongo. Mkuu wa Kituo wa kwanza niliyemkuta, mtu wa nidhamu aliyepiga pasi mpaka soksi, aliamini kwamba swali hilo halistahili kuchomewa dizeli.

Tulitembea hivyo hivyo. Kwa kila mti tulitoboa udongo shinani kwa keekee ndefu ya kuzungusha kwa mikono miwili, tukatia kwenye mfuko, na majani yake kwenye mfuko mwingine. Kituoni majani yalikaushwa kwenye tanuri, yakasagwa mpaka yakawa unga laini wa kijani. Mama mfagiaji aliuliza zaidi ya mara moja kama yale yanayobaki hayafai kwa mlenda.

Walinipeleka kwanza upande wa Urambo na Ulyankulu, kwa kuwa nyumbani kwetu tulizungumza Kirundi na wakulima wengi wa kule asili yao ni Burundi. Bibi mmoja alituona tukitia majani mifukoni na kuandika namba, akaamini ni dawa. Nikamweleza kwa lugha ya mama yangu kwamba sisi hatutibu, tunapima tu. Akafikiri, akasema basi nimpime na yeye, mgongo unamsumbua. Nilimpima homa kwa mkono. Alishukuru sana.

Kisha ikaja Igalula, ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu.

Nje kidogo ya kijiji kimoja cha upande wa stesheni ya Igalula, kijiji kilitutengea kipande cha msitu wa miombo. Njia ya zamani ya misafara ilipita humo, ile ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Tulipopima udongo tukakuta baka moja la ajabu. Kote mchanga wa kawaida, halafu pale katikati udongo mweusi, mlaini, fosforasi imejaa. Bosi alichota kidogo kiganjani, akanusa, akasema wapagazi walikuwa wakilala pale. Majivu ya mioto yao, mavi ya punda, mifupa ya vitoweo, vyote viliozea pale mwaka baada ya mwaka. Sijapata kumwona mtu akifurahia mavi ya zamani kiasi kile. Ndani ya baka palikuwa na mitundu na mininga, na nje yake mitundu na mininga vilevile, miti ileile kwenye vyakula viwili tofauti. Alikuwa amepatafuta mahali pa namna hiyo tangu ujana wake.

Kwa kuwa ni mtu muungwana, aliomba mkutano wa kijiji ili aeleze kazi na kuomba miti isikatwe kwa kuni za kukaushia tumbaku. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua zinanukia. Alizungumza vizuri, kwa Kiswahili cha kitabu. Akasema kipande kile cha katikati ni tajiri kuliko vyote, kwamba utajiri huo uliachwa na watu wa misafara, na kwamba vipimo vya mashine vimethibitisha. Aliwasihi wasiguse mti hata mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akasimama kuwatafsiria wazee kwa Kinyamwezi. Mimi lugha hiyo siisikii vizuri. Niliona tu kwamba tafsiri ilikuwa fupi sana kuliko hotuba, na kwamba wazee waliokuwa wanasinzia waliamka.

Mvua zikanyesha, kalavati likasombwa, hatukuweza kurudi mpaka masika yalipoisha. Na safari hiyo tulikuwa na haraka. Mkurugenzi wa Utafiti alikuwa anakuja kutoka makao makuu kuamua kama kitengo chetu kiendelee au kifungwe na watumishi tugawanywe mikoani. Mume wangu alikuwa fundi wa reli hapa mjini, watoto wanasoma hapa mtaani Cheyo, na mimi nilishasikia jina langu likitajwa pamoja na kituo fulani karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji. Kwa bosi ilikuwa mbaya zaidi, maana alibakiza miaka michache astaafu, na Igalula ndiyo ilikuwa kazi yake ya maisha.

Tulipokaribia kijijini, kitu cha kwanza kilichotushangaza kilikuwa maboga. Maboga makubwa, yamelala kila ua kama nguruwe walioshiba. Mchicha umefika kiunoni. Bosi alisimamisha gari akashuka kumpongeza mama mmoja, Mama Kalunde, akamuuliza kwa heshima anatumia mbolea gani.

Mama Kalunde alimtazama kama anayedhani anataniwa. "Si ni udongo wako, Daktari," akasema. "Ule unaotolewa msituni. Tunaubeba kwa baiskeli."

Bosi alirudi kwenye gari, akaingia upande wa abiria, ikabidi niendeshe mimi.

Lile baka halikuwepo tena. Palikuwa na mashimo, moja limepakana na jingine, mengine marefu kuliko mtu. Kati ya mashimo miti ilisimama kila mmoja kwenye tuta lake dogo la udongo, kama wageni waliopewa viti. Katika shimo kubwa kuliko yote tuliona kofia ya baraghashia inapanda na kushuka.

Nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu kutoka chini. Alikuwa Mzee Maganga, mtu wa umri wa baba yangu, mlinzi tuliyemwachia kipande kile sisi wenyewe. Alipanda ngazi ya miti aliyoitengeneza, akajipangusa, akatusalimia kwa mikono miwili bila wasiwasi wowote. Alimwambia bosi asiogope, miti yake hawajaigusa hata mmoja, kwa kuwa waliahidi mkutanoni. Kisha akatuonyesha walichopata mpaka hapo: taya la punda, vigae vya chungu, na ushanga mmoja wa buluu. Ushanga ndio uliowafanya waende chini zaidi.

Hapo ndipo tukaelezwa tafsiri ya Mwenyekiti ilikuwaje. Alikuwa amewaambia wazee kwamba wataalamu wamepima kwa mashine, mali ya watu wa misafara iko palepale katikati, ila mtu asikate mti. Wanaume walichimba wakitafuta pembe za ndovu. Wanawake, walipoona udongo unaotupwa juu umeotesha mboga wenyewe, wakaanza kuubeba.

Bosi aliketi kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia. Mzee Maganga aliketi karibu naye ili asiwe peke yake.

Mkuu wa Kituo wa wakati ule, si yule wa soksi, alikuwa mtu wa mipango. Alishauri tumpeleke Mkurugenzi kwenye msitu mwingine upande wa Ntalikwa, tumwambie ndio huu. Bosi alikataa. Alisema hawezi kumdanganya mtu aliyesafiri mbali kote huko, na isitoshe miti ya Ntalikwa haijui lolote kuhusu jambo hili.

Mkurugenzi alikuwa mama mnene, mpole wa sura, anayesikiliza huku amefumba macho nusu. Mwenyekiti alimpokea kwa hotuba. Aliyaita mashimo yale mchango wa nguvu za wananchi katika utafiti, akamalizia kwa kuuliza ni lini serikali italeta mashine kubwa zaidi, maana kwa majembe wamefika mwisho. Mkuu wa Kituo alikuwa anaangalia angani. Mimi nilianza kuwaza shule za huko mpakani.

Mkurugenzi akamgeukia Mzee Maganga. "Mzee, mmepata nini humu?"

"Mpaka sasa, mama, maboga," akajibu.

Mama yule alicheka mpaka akashika mti. Alipotulia alimuuliza bosi wangu, sasa kwa sauti ya kazi, kama kuna chochote kilichobaki cha kupima. Nadhani jibu lilimjia palepale, maana usiku wote uliotangulia tulikuwa hatuna.

"Miti ipo," alisema. "Tunajua ilivyokuwa inakula zamani. Sasa chakula kimechukuliwa. Nataka kujua majani yatapata habari lini."

Mkurugenzi akafumba macho yake nusu. Kisha akasema mashimo yafukiwe kwa udongo wa kawaida wa pembeni, bosi aendelee, na kila mwaka yeye apate taarifa. Aliondoka na boga ambalo dereva alilipakata.

Mwaka wa kwanza nikaangusha majani ya juu kama kawaida, tukakausha, tukasaga, tukapima. Hakuna kilichobadilika. Mwaka uliofuata vilevile. Bosi alianza kusema na miti, akiuliza inangoja nini. Baadaye miche na miti midogo ya mtundu ikaanza kupungukiwa fosforasi majanini, taratibu. Ile mikubwa haikujali. Na mininga ndiyo kabisa, iliyokuwa ndani ya baka na iliyokuwa nje majani yake yalifanana tangu mwanzo, tulikuwa tu hatutaki kukubali. Tulipochimba kufuata mizizi tukaelewa. Mti mkubwa hauli pale uliposimama tu. Mizizi yake inatembea mbali, inapita baka hili na lile, inaokota hapa kidogo na pale kidogo, na kuvu wanaoishi kwenye mizizi wanaisaidia kuchukua. Halafu kila aina ya mti ina kipimo chake. Udongo unaweza kutofautiana sana, majani yakatofautiana kidogo tu.

Bosi alikuwa amekosea kwa miaka yote ile, na siku aliyokubali alitununulia soda wote pale kituoni, hata Mhasibu mpya. Alistaafu akiwa na furaha kuliko watafiti wengi niliowaona wakistaafu wakiwa sahihi. Mimi sikwenda mpakani. Nilibaki mpaka zamu yangu ikafika, nikaagwa kwa pilau na saa ya ukutani.

Siku hizi vijana hunitembelea hapa Cheyo, wana kifaa wanachokielekeza kwenye jani na jibu linakuja papo hapo. Ni kizuri, nimekishika. Wakiniuliza nimejifunza nini miaka yote, huwa najikanyaga. Nasema udongo hautabiriki, mti una subira, na unapozungumza na wananchi tafuta neno jingine badala ya tajiri. Wanaandika hilo la tatu.

Juzi nilikuwa sokoni nikamwona Mzee Maganga, amezeeka sana, amekuja mjini kwa mjukuu wake. Nikamwamkia, tukaulizana hali za nyumbani. Halafu akanivuta pembeni, akaangalia huku na huku, akaniuliza kama kweli hapakuwa na pembe za ndovu pale.

Nilimheshimu, nikamweleza yote polepole. Fosforasi, majivu, punda, mizizi inayotembea, kuvu, mtundu na mninga. Alisikiliza bila kunikatiza, akiitikia kwa kichwa kila nilipotua. Nilipomaliza akanishika bega.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema kwa upole. "Walikuapisha usiseme."