Vitunguu Juu ya Kaburi la Enos

Dafroza, jirani yangu wa Kigera, anauza miche ya maua kando ya barabara. Mumewe Enos alipofariki walimzika kwao Bugwema, na kila ua alilompandia kaburini liliishia tumboni mwa mbuzi. Waridi, mbuzi. Asumini, mbuzi. Lakini alishamwahidi Enos akiwa mgonjwa kitandani kwamba hatalala chini ya magugu, na ahadi hiyo ilimnyima usingizi.

Ndipo akapeleka vitunguu vya maua. Havina kichwa cha kupika. Ni majani membamba tu, na vikichanua hutoa maua ya zambarau mazuri mno. Mbuzi hawavigusi, maana vinanuka kitunguu saumu. Akavipanda, akarudi Kigera na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu msiba.

Kumbe mbuzi ni nafuu kuliko wakwe.

Tulipokwenda kuangalia kama vimechanua, tulivikuta vimeng'olewa vyote, vimetupwa nyuma ya zizi, vingine na matumba yake. Mama mkwe, Gaudensia, hakuitikia salamu. Aliyesema ni Mseti, mdogo wake Enos.

"Shemeji, huku kwetu kaburi halilimwagi. Unalima vitunguu juu ya kaka ukauze Musoma?"

Dafroza akawaeleza kwamba ni maua. Akaokota tumba moja, akalipasua kwa kucha ili wauone uzambarau wa ndani. Gaudensia hakulitazama. Alimshika mkono, akanusa vidole vyake, akauachia.

"Kitunguu," alisema.

Basi, kesi ikaisha hapo. Nilitaka kuwatukana wote, Dafroza akanifinya ninyamaze.

Wakamwambia kwamba kaburi linajengewa siku hiyohiyo, asije akarudia. Kweli, saruji ilikuwa uani na fundi alishaanza kuchanganya mchanga. Mseti akaongeza kwamba juu wataweka maua ya plastiki, hayo hayanuki. Nilimchukia yule mtu, na bado namchukia.

Fundi akauliza maji yako wapi. Pale nyumbani kazi ya maji ni ya wake walioolewa, na Dafroza ndiye mke wa mtoto wa kwanza. Gaudensia akamsukumia ndoo kwa mguu. Dafroza akaiokota, akateremka kisimani. Zege lililomfunika Enos, mkewe ndiye aliyelichotea maji.