Mteremko wa Kuelekea Mtoni

Mwaka 1993, petroli ilipokuwa ikipanda bei kila mara, Boaz Mirumbe aliuza fahali wake akanunua pikapu kuukuu, akawa anabeba watu na tumbaku kutoka Kehancha hadi Migori. Petroli aliinunua alfajiri tu, kabla jua halijapasha ardhi, kwa kuamini kwamba ikiwa baridi huwa nzito na lita hujaa vizuri. Na kila alipofika kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, aliweka gia fri, akazima injini, gari likateremka lenyewe kimya. Chini aliingiza gia na kuachia klachi, injini ikashtuka, ikawaka.

Monari, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Kisii aliyependa kukaa naye mbele, hakuacha kumtania. "Nyinyi Wakuria! Gari unalifuga kama ng'ombe, ila ng'ombe unamlisha."

"Ng'ombe akiteremka mlima, umemwona akila?"

Robi, mke wa Boaz, ndiye aliyewasimulia majirani kwamba mume wake huenda na kurudi kwa mafuta ambayo wenzake humaliza wakienda tu. Alisema hivyo kwa majivuno.

Asubuhi moja ya Aprili, mimba yake ikiwa ya miezi minane, Robi alianza kutokwa na damu. Boaz alimkalisha mbele, akamtandikia leso, akaondoka mbio kuelekea hospitali. Hakuwaza petroli hata kidogo. Lakini walipofika mteremkoni, mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya.

Kimya kikajaa ndani ya gari.

"Baba Pauline, umezima?"

Hapo ndipo alipotambua kwamba amezima.

"Itawaka pale chini. Jishikilie tu, mama."

Chini aliachia klachi. Gari likajikurupusha mara moja, likasimama. Betri ilikuwa imechoka siku nyingi, na mvua ya usiku ilikuwa imelowesha waya za plagi. Wakulima waliokuwa wakipita na mizigo ya tumbaku waliitua, wakasukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Robi alikuwa akimwita mama yake kwa Kikuria. Baadaye akanyamaza. Injini ilipowaka, hapakuwa tena na sababu ya kuharakisha.

Matangani watu walilaumu mvua, wakalaumu barabara. Mama yake Robi alimshika Boaz mikono yote miwili, akamshukuru kwa kujaribu. Boaz angeona nafuu kama mama huyo angemtukana.

Gari hakuliuza, kwa kuwa binti yao Pauline alihitaji kula. Siku zilizofuata aliteremka pale kwa gia ya pili, injini ikinguruma kwa nguvu hadi watu wa nyuma wakalalamika.

"Dereva, weka fri! Unachoma mafuta bure!"

Boaz hakugeuka. Monari, aliyekaa kando yake, alitoa kichwa dirishani na kuwaambia, "Mwacheni. Anataka kuisikia injini ikiwaka."