Chumvi Chini ya Mkuki

Kila mwanzo wa mwaka wa kalenda ya mwezi, Pyo Geum-rye husimamisha nguruwe mzima aliyechinjwa juu ya mkuki wa ncha tatu, pale bandarini. Nguruwe akisimama bila kushikwa, miungu imepokea na nchi itapata mwaka mtulivu. Akianguka, watu hunyamaza.

Chumvi kidogo chini ya mpini ni desturi, ili mkuki usiteleze. Kuirundika mpaka iushike mkuki ni kuitilia miungu maneno mdomoni.

Geum-rye ni mudang tangu ujana: miungu humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake. Mwaka mmoja bandari nzima iliuliza habari za nchi. Yeye aliuliza habari za Ho-yeol, mjukuu aliyemlea. Kijana alikuwa ameomba kutumikia jeshi kwenye kisiwa cha mpakani, kinachotazamana na mizinga ya Kaskazini, nusu ya pili ya nchi iliyogawanyika.

"Nguruwe akianguka, utalifuta ombi lako," alimwambia.

"Sawa, Bibi. Nguruwe ndiye mkuu wa jeshi."

Nguruwe akaanguka. Akainuliwa, akaanguka tena.

"Huyu kalewa kuliko mimi," akasema mvuvi mmoja, watu wakacheka. Bwana Maeng, mwenyekiti wa wavuvi, hakucheka. Yeye ndiye aliyewaita watu wa televisheni. Akamsogelea Geum-rye sikioni.

"Mama, nchi nzima inatazama. Unataka watu waogope bahari yao?"

"Hataki kusimama."

"Msaidie basi. Chumvi si ipo?"

Geum-rye akairundika. Tak Sun-im, mudang mwenzake aliyekuwa akipiga ngoma, aliona, akakosa pigo moja. Nguruwe akasimama wima.

"Nchi itatulia," Geum-rye akatangaza. Sun-im anasema sauti ile ilikuwa ya Geum-rye mwenyewe, si ya mungu yeyote.

Jioni alimkuta mjukuu wake akikunja nguo.

"Lifute lile ombi."

"Kwa nini tena? Si alisimama?"

"Nenda kambi nyingine. Kambi ziko tele."

"Bibi, umesema mwenyewe mbele ya kamera. Au uliwadanganya?"

Alikuwa akitania. Geum-rye alitazama mlango.

"Kula kwanza," akasema. "Supu inapoa."

Majira ya majani kuanguka, boti ya doria ilizama karibu na mpaka. Kusini walisema lao, Kaskazini lao. Mwili wa Ho-yeol haukupatikana.

Sun-im alikuja nyumbani kuiita roho yake kutoka majini, maana roho ya aliyezama isipoitwa haipati njia. Hapo pia nguruwe akisimama, roho imeitika. Kabla ya kumwinua nguruwe aliomba chumvi kidogo, kama ilivyo desturi.

Ulikuwa wakati wa kutia kabichi chumvi ziwe akiba ya majira ya baridi. Magunia ya chumvi yalikuwa yamepangwa nyuma ya Geum-rye mpaka usawa wa dirisha.

"Nyumba hii haina chumvi," akasema.

Sun-im aliyatazama magunia. Kisha akausimika mkuki juu ya sakafu tupu, akaachia mikono. Nguruwe akaanguka.

"Mwinue tena," akasema Geum-rye.